The Gift ya Beyoncé: Ipi ya Kulipia, Ipi ya Kuruka

Mtu wa nyumbani akikuagiza albamu ya Lion King, usitoe hela kabla ya kumuuliza anataka ipi. Zinazobeba jina hilo ni kadhaa, na ni rahisi kulipia isiyo yako. Ipo ya mwaka 1994, ya filamu ya katuni, yenye nyimbo za Elton John na Tim Rice pamoja na muziki wa Hans Zimmer. Ipo ya Julai 2019, ya filamu iliyotengenezwa upya na mwongozaji Jon Favreau, ambamo nyimbo zile za zamani zimeimbwa na sauti mpya, wakiwamo Donald Glover na Beyoncé. Halafu ipo The Lion King: The Gift, iliyotoka tarehe 19 Julai 2019, siku ile ile filamu ilipoanza kuonyeshwa Marekani. Hii ni kazi ya Beyoncé mwenyewe. Aliisimamia, akawaalika wasanii wa Nigeria, Ghana, Kamerun, Afrika Kusini na Marekani, wakatunga nyimbo zinazofuata hadithi ya Simba lakini hazimo ndani ya filamu. Unaosikika kwenye filamu ni mmoja tu, Spirit. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 31 Julai 2020, The Gift ikatolewa tena ikiwa imepanguliwa na kuongezwa.

Mzazi anayetafuta Hakuna Matata au Circle of Life asipoteze muda na The Gift, kwa sababu hazimo. Huyo achukue ya 1994, na nitaeleza baadaye kwa nini siyo ya 2019. Makala hii ni ya yule aliyeisikia Brown Skin Girl kwenye harusi au Already kwenye daladala, akavutika, akataka albamu nzima, halafu akakuta watu wanabishana. Maana wanabishana kweli, tangu wiki ile ya kwanza mpaka leo. Upande mmoja unasema hakuna nyota mkubwa wa Marekani aliyewahi kuupa muziki wa Afrika nafasi kubwa kiasi hicho kwenye kazi yenye jina lake. Upande wa pili unasema nusu ya albamu ni maongezi, robo ni nyimbo za kujazia, na kilichobaki kingetosha kuwa kazi fupi ya nyimbo saba. Nimesikiliza hoja za pande zote mbili na nimeisikiliza albamu yenyewe kwa muda mrefu. Kila upande una haki yake, kwa kuwa albamu hii haiko sawa: ina nyimbo za kiwango cha juu kabisa zilizokaa jirani na nyimbo ambazo usingezikumbuka kesho. Kwa hiyo anayelipa asilipie jina. Alipie nyimbo, kwa majina yao.

Tuanze na maongezi, maana ndiyo yanayowagawa watu kuliko kitu kingine. Toleo la 2019 lina vipande 27. Hesabu hiyo inavutia mpaka ubonyeze. Nyimbo ni 14, na vipande 13 vilivyobaki ni maneno yaliyokatwa kutoka kwenye filamu: Mufasa anamfundisha mwanawe, Scar anamlaghai, Timon na Pumbaa wanapiga soga, Rafiki anamwita Simba amfuate. Karibu kila wimbo umetanguliwa na kipande cha namna hiyo.

Wanaovitetea wana hoja nzito, nayo ni sauti ya James Earl Jones. Ndiye aliyekuwa Mufasa mwaka 1994, na ndiye aliyerudi kuwa Mufasa mwaka 2019. Alifariki Septemba 2024, na tangu hapo kusikia albamu ikifunguliwa na sauti ile nzito kunagusa kwa namna ambayo haikuwapo siku ya kwanza. John Kani wa Afrika Kusini naye, kwenye sehemu ya Rafiki, ana utulivu wa mzee anayejua anachosema. Ukikaa chini na mtoto aliyeipenda filamu, mkasikiliza mfululizo kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho, maongezi yanafanya kazi. Mtoto anajua hadithi imefika wapi, na wimbo unaofuata unaingia mahali pake.

Lakini hivyo sivyo watu wengi wanavyosikiliza. Tunasikiliza tukipika, tukiwa safarini, tukiwa na wageni. Unapoiweka albamu kwenye sherehe, ngoma ya Don't Jealous Me inaisha watu wakiwa wamepandwa na mzuka, kisha watoto wawili wa simba wanaanza kuongea kuhusu hatari. Watu wanarudi kukaa. Ukiiweka simu ichanganye nyimbo yenyewe, ni vibaya zaidi, kwa sababu Scar anaweza kujitokeza popote, hata katikati ya nyimbo za msanii mwingine kabisa. Mimi niko upande wa wanaoyakataa maongezi. Usikilizaji wa kwanza yananisaidia, wa pili nayavumilia, na baada ya hapo yananikatiza.

Wapo pia wanaosema vipande vile vinanenepesha hesabu. Ni kweli kwamba kwenye Spotify kipande kinahesabika kimesikilizwa kikishapita sekunde 30, kiwe wimbo au maneno matupu, na chati za Marekani kwa miaka yote hii zimejumlisha usikilizaji wa mtandaoni pamoja na mauzo. Albamu iliingia nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard 200 wiki yake ya kwanza. Siwezi kusema maongezi ndiyo yaliyoifikisha pale, wala sidhani hivyo, maana mashabiki wa Beyoncé hawahitaji msaada. Nitakachosema ni kwamba mnunuzi akiona 27 asidhani anapata nyimbo 27.

Kuhusu bando, gharama yake si kubwa kama watu wanavyohofia. Albamu nzima ni takriban dakika 54. Ukiisikiliza kwa ubora wa kawaida wa kilobiti 96 kwa sekunde, inakula kiasi cha MB 39. Ukipandisha hadi kilobiti 160 inafika MB 65, na ukitaka ubora wa juu wa kilobiti 320 inakaribia MB 130. Kinachomaliza bando ni kurudia. Mtu anayeisikiliza kila siku kwa mwezi mmoja, kwa ubora wa juu, anatumia karibu GB 4. Mwenye usajili wa kulipia aishushe mara moja tu akiwa kwenye waifai ya kazini au chuoni, kisha asikilize bila kugusa bando. Asiyekuwa na usajili ashushe ubora hadi ule wa kawaida. Kwa spika ya simu au visikizio vya bei nafuu hutaona tofauti kubwa, isipokuwa kwenye wimbo mmoja nitakaoutaja.

Toleo la 2020 liliyaondoa maongezi yote. Nyimbo zote 14 zimebaki, zikaongezwa Black Parade katika sura mbili, fupi na ndefu, na Find Your Way Back iliyopigwa upya. Jumla ni vipande 17, vyote muziki. Black Parade ilitoka kwanza tarehe 19 Juni 2020, siku ambayo Wamarekani weusi huadhimisha mwisho wa utumwa, na mwaka 2021 ikampatia Beyoncé tuzo ya Grammy ya uimbaji bora wa R&B, tuzo yake ya 28. Sijui sababu ya mtu kulipia toleo la 2019 wakati hili lipo, ila awe na mtoto wa kusikiliza naye au awe anaipenda sauti ya Mufasa kiasi cha kutotaka kuikosa. Kwenye huduma za usajili hutozwi zaidi kwa kuchagua moja badala ya jingine. Ni suala la kujua kwamba yapo mawili, na wengi hawajui.

Nyimbo zinazostahili hela

Brown Skin Girl naiweka mbele ya zote, na hapa mashabiki wa pande zote hukutana. Unafunguliwa na kufungwa na sauti ya Blue Ivy, binti wa Beyoncé, aliyekuwa na miaka saba, na katikati wamo Wizkid, Saint Jhn na Beyoncé mwenyewe. Mdundo wake ni mwepesi. Hauharakishi mtu. Ni wimbo wa kumwambia msichana mweusi kwamba rangi yake ni uzuri wake, na umeifanya kazi hiyo kwenye harusi na mahafali mengi kuliko ambavyo tuzo yoyote ingeweza kuonyesha. Video yake ilishinda Grammy mwaka 2021, na Blue Ivy akawa mshindi akiwa na miaka tisa. Hata ukinunua wimbo mmoja tu kwenye albamu nzima, uwe huu.

Already unafuata. Shatta Wale wa Ghana amepewa nafasi ya kutosha, prodyuza GuiltyBeatz wa huko huko Ghana ana mkono wake kwenye biti, na Beyoncé anafanya jambo ambalo nyota wa kiwango chake hulifanya kwa nadra: anaufuata mdundo wa wenyeji badala ya kuuvuta kwake. Sikiliza anavyoshusha sauti ili Shatta Wale asikike. Kolabo nyingi za wasanii wa Afrika na Wamarekani huharibika mahali hapo hapo, kwa Mmarekani kuja na wimbo wake na kumwachia mwenzake mistari minne mwishoni.

My Power ndio wimbo niliosema unahitaji vifaa. Umetengenezwa na DJ Lag wa Durban, na ni gqom ya kweli, ule muziki wa besi nzito inayogonga kama mlango. Wamo Tierra Whack, Yemi Alade, Nija, na Waafrika Kusini wawili, Busiswa na Moonchild Sanelly, ambao kwa maoni yangu wanawazidi wote waliomo humo, mwenye albamu akiwa mmoja wao. Kwenye spika ya simu wimbo huu unakufa. Unasikia kelele na maneno tu. Uuwekee spika yenye besi, au visikizio vinavyoziba masikio vizuri, na hapa lipia ubora wa juu wa sauti. Wengi wanaosema My Power ni wimbo mbovu nadhani hawajawahi kuusikia kwa namna hiyo.

Ja Ara E ni wa Burna Boy peke yake. Katika wasanii wote wa Afrika waliomo, ni yeye tu aliyepewa wimbo mzima bila mwenzake, na hata sauti ya Beyoncé haimo. Ni wimbo mtulivu, wa onyo, na unakwenda vizuri na sehemu ya hadithi ambapo Simba mdogo anaingia hatarini. Ukikupendeza, usiishie hapo: wiki moja baadaye, tarehe 26 Julai 2019, Burna Boy alitoa albamu yake African Giant. Kwa anayelinganisha thamani, African Giant imeshikana kuliko The Gift. Ina mwimbaji mkuu mmoja, ladha moja, na mambo mengi ya kusema. Mwenye hela ya albamu moja tu na mapenzi ya muziki wa Nigeria achukue hiyo.

Find Your Way Back umejengwa juu ya Maradona, wimbo wa mwaka 2017 wa Niniola wa Nigeria. Wote wawili ni wazuri, na nakushauri uusikilize ule wa asili kabla ya kulipia huu. Don't Jealous Me, wa Tekno, Yemi Alade, Mr Eazi na Lord Afrixana, ni wa kuchezea, hauna zaidi ya hapo na hauhitaji zaidi ya hapo. Bigger, unaofuata sauti ya Mufasa mwanzoni, una uimbaji mkubwa wa Beyoncé, na kwa wanaompenda kwa sababu ya koo lake, huu na Otherside ndizo nyimbo zao.

Spirit sijui niuweke wapi. Uliteuliwa kuwania Grammy mbili na Golden Globe, na ulifika kwenye orodha ya awali ya Oscar lakini haukuteuliwa. Umeimbwa kwa nguvu zote. Wapenzi wa kwaya wanaupenda, na nawaelewa. Kwangu unapanda mapema mno halafu unabaki juu bila kuwa na pa kwenda. Kilichomo ndani yake kinachotuhusu zaidi sisi ni mwanzo, ule mwito wa Kiswahili unaomtakia mfalme maisha marefu, na nitaurudia.

Za kuruka ni chache, lakini zinaumiza kwa sababu ya majina yaliyomo. Nile una Kendrick Lamar, mtu aliyekuwa ametoka kusimamia albamu ya filamu ya Black Panther mwaka mmoja kabla, na wimbo haufiki hata dakika mbili. Shabiki aliyelipia ili wawili hao wakutane ana haki ya kuona amepunjwa. Mood 4 Eva, wenye Jay-Z na Childish Gambino, ni majigambo ya utajiri ambayo hayana uhusiano na Simba wala na Afrika, isipokuwa ile sauti iliyokatwa kutoka wimbo wa Oumou Sangaré wa Mali, Diaraby Nene. Hiyo sauti ndiyo kitu bora humo. Tafuta albamu yake Moussolou ya mwaka 1989, utapata kisima chenyewe. Scar, wa 070 Shake na Jessie Reyez, ni wimbo wenye uchungu wa kweli, ila umepotea njia. Ungekaa vyema kwenye albamu nyingine. Water na Keys to the Kingdom hazina ubaya. Salatiel wa Kamerun na Tiwa Savage wa Nigeria wanastahili nyimbo bora kuliko hizo.

Sisi tuko wapi?

Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi, Sarabi. Majina haya hayahitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa makala hii. Filamu ya kwanza ilipokuwa inaandaliwa, watengenezaji wake walisafiri hadi Kenya na kutembea katika Hifadhi ya Hell's Gate kutazama miamba na mwanga. Maneno Hakuna Matata, yaliyokuwa yameshazoeleka kwa watalii kupitia wimbo Jambo Bwana wa bendi ya Them Mushrooms ya Mombasa, uliotoka mwaka 1982, Disney iliyasajili Marekani kama alama yake ya biashara. Filamu ya 2019 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Halafu ikaja albamu ambayo Beyoncé mwenyewe aliieleza kuwa ni barua ya mapenzi kwa Afrika, na ndani yake hakuna mwimbaji hata mmoja kutoka Kenya, Tanzania wala Uganda. Lugha yetu imesimama mlangoni mwa Spirit, inawakaribisha wageni, kisha wimbo unaendelea kwa Kiingereza. Lupita Nyong'o ametajwa kwa jina ndani ya Brown Skin Girl na ameonekana kwenye video yake, na nafurahi kwamba yumo. Lakini kutajwa na kuonekana si kuimba.

Malalamiko yalianza Kenya mara tu orodha ya majina ilipotoka, na mashabiki wa Beyoncé wa hapa kwetu wakajikuta wakibishana wao kwa wao. Waliomtetea walisema msanii huchagua anaowataka. Walisema muziki wa Nigeria na Ghana ndio uliokuwa ukivuma London na New York wakati ule, na kwamba prodyuza waliomzunguka walitoka huko. Hoja hizo nazielewa, na ya kwanza siipingi. Isiyosimama ni ile iliyosemwa kwa sauti ya chini, kwamba Afrika Mashariki haikuwa na msanii wa kiwango kile. Sauti Sol walikuwa tayari wameimba na Burna Boy kwenye Afrikan Star, na Tiwa Savage kwenye Girl Next Door, na Yemi Alade kwenye Africa. Hao ni watatu kati ya walioalikwa na Beyoncé. Diamond Platnumz alikuwa ameshirikiana na Ne-Yo mwaka 2017 na Omarion mwaka 2018. Njia ilikuwapo na simu zilikuwa zinapokelewa.

Jambo hili linamhusu mnunuzi kwa sababu hela yake ni kura. Aliyeiacha The Gift kwa kukasirika simlaumu. Ila asiiache hela ikalala. Afrikan Sauce ya Sauti Sol, ya mwaka 2018, ni mfano mzuri wa kile ambacho The Gift ilikusudia kufanya: bendi ya Nairobi inakaribisha majina kutoka pande nyingi za bara, na kila mgeni anapewa wimbo unaomfaa. Ina Melanin pamoja na Patoranking, wimbo unaosifia ngozi nyeusi mwaka mmoja na zaidi kabla ya Brown Skin Girl. Ukiniuliza ipi kati ya hizo mbili ina nyimbo nzuri zaidi moja moja, nitasema The Gift. Ukiniuliza ipi unaweza kuiacha icheze jioni nzima bila kuinuka kubonyeza, ni Afrikan Sauce. A Boy from Tandale ya Diamond, pia ya 2018, ina shida ile ile ya The Gift ya wageni wengi na viwango tofauti, lakini Kiswahili humo ni mwenye nyumba.

Namna ya kulipa

Kwa msomaji aliye Marekani au Ulaya, kununua wimbo mmoja mmoja bado kuna maana. Bei ya juu ya wimbo kwenye duka la iTunes la Marekani ni dola 1.29, na albamu nyingi huuzwa karibu dola 10. Hesabu yake ni rahisi: nyimbo 7 ni dola 9.03, nyimbo 8 ni dola 10.32. Ukizipenda 8 au zaidi, chukua albamu nzima. Ukizipenda chache kuliko hizo, chukua hizo tu. Nilizozisifu bila masharti hapo juu ni Brown Skin Girl, Already, My Power, Ja Ara E na Find Your Way Back. Ukiongeza Don't Jealous Me na Black Parade zinakuwa saba. Kwa masikio kama yangu, basi, wimbo mmoja mmoja unashinda kwa dola moja hivi, na hulipii Nile.

Kwa aliye Nairobi, usajili wa mwezi unashinda kwa mbali, mradi anasikiliza na mambo mengine. Spotify ilipoingia Kenya mwaka 2021 ilitoza shilingi 299 kwa mwezi kwa mtu mmoja. Nyimbo 8 kwa dola 10.32, kwa kiwango cha shilingi 129 kwa dola, ni zaidi ya shilingi 1,300, sawa na miezi minne na ushee ya usajili wa bei hiyo, ambamo unapata The Gift yote, matoleo yote mawili, African Giant, Moussolou na Afrikan Sauce. Kumbuka tu kwamba usajili ukikatika, na zile ulizoshusha hazifunguki tena. Wimbo ulionunua unabaki kwenye simu yako. Mwenye kipato kisicho na uhakika wa kila mwezi aifikirie tofauti hiyo kwa makini, kwa sababu wengi hulipia miezi miwili, wakakosa mwezi wa tatu, wakajikuta hawana chochote.

Kusikiliza bure kwa matangazo kunatosha kabisa kwa mtu anayetaka kuijua albamu kabla ya kuamua. Ningemshauri kila mmoja aanzie hapo. Video rasmi za Spirit, Already na Brown Skin Girl zipo YouTube bila malipo, ingawa video hula bando mara kadhaa zaidi ya sauti tupu, kwa hiyo usiifanye YouTube kuwa redio yako.

Vipo na vibanda vya kujaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi. Najua ndivyo watu wengi walivyoipata albamu hii, na najua bei yake haishindani na kitu. Nasema kwa moyo wote kwamba siyo njia nzuri, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba Busiswa, Salatiel na Shatta Wale hawapati senti hapo, na hao ndio sababu ya albamu kuwa na thamani. Ya pili ni ya ubora: faili za vibandani mara nyingi zimebanwa mno, na My Power iliyobanwa ni hasara hata kwa bei ya bure. Santuri na CD zinazouzwa mitandaoni kwa jina la The Gift nazo zikaguliwe. Mwombe muuzaji picha ya nyuma ya jalada na utafute majina ya Parkwood na Columbia. Asipotaka kuonyesha, usitume hela.

Black Is King, filamu ya muziki huu, ilitoka Disney+ siku moja na toleo la 2020. Huku kwetu ilipitia M-Net ya DStv, kwa kuwa Disney+ haikuwa imefika kusini mwa Sahara, na ilipofika mwaka 2022 ilianzia Afrika Kusini. Walioiona wengi wameirudia albamu kwa jicho jingine. Nile, kwa mfano, inasogea vizuri zaidi ikiwa na picha. Lakini nisingemshauri mtu wa Dar es Salaam au Kampala ahangaike na njia za kuzunguka ili kulipia huduma isiyouzwa nchini mwake kwa sababu ya filamu moja.

Na yule mzazi wa mwanzo? Albamu ya 2019 ya filamu ina nyimbo anazozitaka, lakini zimeimbwa kwa uangalifu uliozidi, kama watu wanaoogopa kuvunja vyombo vya mwenyewe. Ya 1994 ina furaha, na Can You Feel the Love Tonight ya mwaka ule ilishinda Oscar kwa haki. Kabla ya kulipia aangalie idadi ya vipande: 12 ndiyo ya 1994; 17 ndiyo The Gift isiyo na maongezi; 27 ndiyo ile ambayo Mufasa anaongea.